Mhakiki wa Pili

Jumatatu, 4 Machi

Makala yangu imekataliwa. Barua pepe ya mhariri wa jarida imeingia nikiwa na mwanafunzi kwenye simu, na nimemkatia yule mwanafunzi katikati ya sentensi, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kufundisha watu nisiowaona.

Wahakiki walikuwa wawili. Wa kwanza ameandika mistari michache ya upole. Wa pili ndiye aliyenichinja. Nanakili hapa ili nisije nikasahau: "Mwandishi amewapigia simu watu walioacha masomo, akasikiliza malalamiko yao, kisha akayaita matokeo. Ameshindwa kutofautisha utafiti na umbea."

Umbea! Miaka miwili nimewatafuta wanafunzi wetu waliopotea. Wauguzi, madereva, askari magereza, akina mama wenye vibanda vyao. Niliwauliza walipotelea wapi, na karibu wote walipotelea mahali pamoja. Walituma zoezi la kwanza, likakaa kwetu miezi, likarudi na neno moja jekundu pembeni: "Rudia." Mwanafunzi wa darasani akiandikiwa hivyo humfuata mwalimu koridoni wakagombana yakaisha. Wa kwetu, wa elimu ya masafa, hana korido. Anairudisha karatasi kwenye bahasha, anaendelea na kazi yake, na hatumsikii tena. Makala yangu nzima ni hiyo. Ni jambo dogo, lakini ni la kweli.

Mwishoni mhakiki ananitaka nisome kazi tatu "muhimu mno katika uwanja huu." Zote tatu ni za mtu mmoja. Chuo kizima tunamwita Bwana Marejeo, kwa sababu haitikii salamu yako mpaka awe amejiona kwenye orodha yako ya marejeo. Ofisi yake iko juu ya yetu, namsikia akivuta kiti. Kanuni ya jarida ni kwamba mwandishi hamjui mhakiki na mhakiki hamjui mwandishi. Mimi wangu nimemjua kabla sijamaliza kusoma.

Kamati ya mikataba inakaa mwisho wa Mei. Bila makala hii sina cha kupeleka, na mkataba wangu unaisha Juni. Yeye ni mjumbe wa kamati. Sijalia. Nitalia nikishamlipa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekutana naye kwenye ngazi. "Habari za utafiti?" Nzuri, Profesa. Nikampisha apite.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimemwonyesha Jirani maoni yale. Namwita Jirani kwa sababu ofisi yetu ni ndogo na meza zetu zimegusana, akifuta kwake kwangu kunatikisika. Ni mhadhiri msaidizi, mpole, mdogo wangu kwa miaka mingi, na anaandika tasnifu ya uzamivu chini ya usimamizi wa Bwana Marejeo huyo huyo, maskini. Sheria haimruhusu kuiwasilisha mpaka apate makala moja iliyokubaliwa na jarida, kwa hiyo nilidhani atanielewa kuliko wote.

Amesoma akiwa amesimama. Kisha akakaa akasoma tena.

"Huyu mtu hana adabu," nikamwambia.

"Labda alikuwa na haraka, dada."

"Haraka ya kunitukana?"

"Labda hakujua kwamba ni wewe."

"Angejua angeongeza."

Akaniambia anakwenda kuchemsha chai. Alirudi bila chai, akafungua kompyuta yake, akaendelea na kazi. Nimechukia kidogo. Nilitaka mtu wa kutukana naye.

Jumapili, 10 Machi

Mume wangu ni fundi wa majokofu na haamini katika mambo yasiyofunguka kwa bisibisi. Nimemsomea maoni yote wakati anakula.

"Mtoboe tairi," akasema.

"Anatumia gari la chuo."

"Basi toboa la chuo. Mama watoto, we nenda ofisini kwake umwambie usoni."

"Atakana. Hakuna jina. Ndiyo maana wanaandika wanavyoandika."

"Sasa kumbe na wewe unaweza kumwandikia hivyo hivyo."

Alisema kwa utani, akaomba maji. Mimi sikucheka.

Jumatano, 20 Machi

Sijui nianzie wapi kwa furaha.

Mhariri amenipigia simu. Amejikanyaga kanyaga kuhusu makala yangu, "usikate tamaa mwalimu, tuma tena mwakani," halafu akafika kwenye shida yake: hana wahakiki. Uwanja wetu ni mdogo, kila mtu amechoka, na kuna makala imekaa mezani kwake. Nitamsaidia? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie akautafute umbea wake mahali pengine. Nikasema nitumie niione.

Nimeifungua. Inahusu jinsi wanafunzi wa masafa wanavyosoma moduli zilizochapishwa na zile za kwenye simu. Jina la mwandishi limeondolewa, kama kanuni inavyotaka. Nikashuka moja kwa moja kwenye orodha ya marejeo. Nusu nzima ni yeye! Yeye na mwenzake, yeye peke yake, yeye kwenye kongamano, yeye kwenye kitabu alichokihariri yeye. Na ndani kila ukurasa "kama ilivyokwisha kuthibitishwa," maneno anayoyapenda kuliko watoto wake. Mtu mwingine gani hapa duniani angemtaja Bwana Marejeo mara zote hizo kwa hiari yake?

Nimemjibu mhariri: nimekubali, kwa moyo mkunjufu.

Jumatano, 27 Machi

Nimemaliza. Nimeandika asubuhi mbili mfululizo, mlango nimeufunga, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata simu sikuzisikia. Sijawahi kuandika kwa raha namna hii. Ile makala yangu niliyoifia miaka miwili haikunipa hata robo ya utamu huu.

Nanakili niliyoyapenda zaidi. "Mwandishi anazunguka ndani ya kivuli cha mtu mmoja na kukiita uwanja." Hiyo ni ya kwanza. "Makala haina kichwa chake yenyewe, imeazima." Hiyo niliiandika, nikaifuta, nikairudisha. "Namshauri mwandishi aondoe marejeo yote ya mtaalamu huyo mmoja, na kisipobaki kitu, basi akubali kwamba hakukuwa na kitu. Kuna kazi nyingi za heshima nje ya chuo kikuu."

Kulikuwa na kipande kizuri, lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Ni kile cha wanafunzi wanaojirekodi wakisoma moduli kwa sauti, kisha wanajisikiliza wenyewe wakiwa kazini. Nilijiuliza Bwana Marejeo amewatoa wapi watu hawa, yeye ambaye hashuki hata kwenye kituo cha masomo kuonana na wanafunzi. Nikakiruka. Pendekezo langu: ikataliwe. Nimetuma.

Alhamisi, 28 Machi

Nimelala vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Namchunguza. Akishuka ngazi namwangalia uso. Anapiga mluzi. Leo amenisifia gauni. Nikajiuliza kama mhariri hajamtumia bado, au kama ngozi yake ni nene kuliko nilivyodhani.

Jirani hakuja kazini.

Jumatatu, 15 Aprili

Wiki ya vikao vya ana kwa ana. Wanafunzi wamejaa ukumbini na viatu vya matope. Dari la ofisi yetu linavuja juu ya meza ya Jirani, nikamwambia asogeze karatasi zake. Akasema, "Ziache zilowe." Nadhani anaumwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mhariri ameniudhi. Amenishukuru kwa "uhakiki wa kina," halafu akasema mhakiki mwenzangu ameipenda makala, kwa hiyo badala ya kuikataa amempa mwandishi nafasi ya kurekebisha hadi katikati ya Mei, na itarudi kwangu niitazame upya. Yaani mimi sikupewa nafasi hata ya kufuta nukta, na yeye anapewa mwezi mzima! Hata hivyo nimetulia nikafikiri. Itarudi kwangu. Nitampiga mara mbili.

Jirani amekonda. Haongei, hali, amemfokea mhudumu wa mashine ya kuchapishia mpaka yule mama akatoka nje. Nimemwuliza kama ni mapenzi. Akainama kwenye kompyuta yake.

Jumatano, 24 Aprili

Mluzi tena, mchana kutwa, juu ya kichwa changu.

Alhamisi, 2 Mei

Niandike polepole, vinginevyo nitayapindisha.

Asubuhi Jirani alikuwa amefika kabla yangu. Vitabu vyake vilikuwa kwenye boksi. Nikamwuliza anahama? Akasema anaacha uzamivu. Amepata nafasi kwenye shule ya sekondari ya shemeji yake, atafundisha watoto anaowaona.

"Umepatwa na nini, mdogo wangu? Umebakiza makala moja tu."

"Ndiyo hiyo, dada. Soma."

Akanipa karatasi mbili zilizokunjwa kunjwa mpaka zimeanza kuchanika. Nilisoma neno la kwanza nikajua. Kichwa kilichoazimwa. Kivuli cha mtu mmoja. Kazi nyingi za heshima nje ya chuo kikuu. Maneno yangu yote, hakuna hata moja lililopungua. Nilishika ukingo wa meza, na kwa kuwa meza zetu zimegusana, yake nayo ikatikisika.

Makala ni yake. Amemtaja Bwana Marejeo mara zote zile kwa sababu ni msimamizi wake, na msimamizi huyo haisomi sura yako mpaka ajione ndani. Nilipaswa kulijua hilo. Nimekaa naye miaka mitatu, tunashiriki soketi moja ya umeme, na sikujua hata anaandika juu ya nini.

Nilitaka kusema. Naapa nilikuwa nimeshavuta pumzi. Yeye ndiye aliyetangulia.

"Nimelipwa, dada. Haya ni malipo yangu." Alikuwa analia bila sauti. "Yale maoni yako ya Machi, niliyaandika mimi."

Nikamwambia sijamwelewa.

"Profesa hahakiki mwenyewe. Jarida likimtumia makala, anatupa sisi wanafunzi wake tuandike, anaweka jina lake. Anasema ni mazoezi. Yako ilikuja haina jina, sikujua. Nilikuwa nimeisifia. Akanirudishia, akasema mhakiki laini hapewi kazi tena, weka meno. Zile kazi tatu alizipachika yeye."

"Na umbea?"

"Hilo neno ni langu. Niliona ni sentensi nzuri. Nilijipongeza hata. Siku uliponionyesha nilitaka kuzama ardhini, nikashindwa kukuambia. Sasa imeniangukia mimi mwenyewe ndipo nimejua ulivyosikia. Nisamehe, dada yangu."

Hapo ndipo pumzi niliyokuwa nimeivuta ilipoishia. Huruma yote ilinitoka. Miezi miwili amekaa hapa, amenisikia nikimtukana mtu mwingine, amenipa pole! Nilimrudishia karatasi zake. Nikamwambia, "Usihame leo, mvua kubwa." Kisha nikatoka nikatembea uani hadi viatu vikajaa maji.

Kumbe nilimpiga yule yule. Nililenga mwingine, nikampata yeye. Mbona sasa sijaridhika?

Ijumaa, 3 Mei

Nimemweleza mume wangu yote. Ameacha kula.

"Kwa hiyo yeye amekuomba msamaha, na wewe hukumwambia kitu?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

"Wewe ulianza lini kuwa na miaka sita?"

Simsemeshi.

Jumatatu, 6 Mei

Jirani ameamua kurekebisha makala badala ya kuacha. Anasema kusema ukweli kumempa nguvu. Ameniletea chai. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshamsamehe. Nikamwambia bado natafakari. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na nimeona aibu, na nimeona raha pia, na sitasema ipi ilikuwa kubwa.

Jumanne, 14 Mei

Makala iliyorekebishwa imeingia kwangu. Sijaifungua.

Jumatano, 15 Mei

Sijaifungua.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeifungua. Nimeisoma yote kwa mara ya kwanza, maana ile ya Machi niliisoma nikitafuta pa kuuma tu. Ni nzuri. Amefanya kila nilichokitaka. Marejeo yote ya bwana yule ameyang'oa, na sehemu zilizobaki wazi amezijaza kwa sauti za wanafunzi wenyewe. Kuna mlinzi wa benki anayejisikiliza zamu nzima. Mimi ningempigia makofi mwandishi huyu kama asingekuwa yeye.

Nina wiki moja ya kujibu. Nimeandika "ikataliwe," nikakaa naiangalia. Nimefuta. Nimeandika tena, nikazima kompyuta.

Jumatatu, 20 Mei

Tulikuwa wote wawili mezani Bwana Marejeo alipoingia bila kubisha. Mkononi alikuwa na ile makala. Jirani alikuwa amempelekea nakala, kama mwanafunzi mwema. Mimi hakuniona kabisa, nadhani kwake nilikuwa sehemu ya kabati.

"Nionyeshe jina langu," akamwambia.

Jirani akasimama. "Shikamoo, Profesa."

"Nionyeshe kwanza. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa."

"Ukurasa wa tano, Profesa. Lipo mara moja."

"Mara moja! Nimekulea, nimekufundisha hata kuandika aya, leo unanifuta?"

"Mhakiki wa pili ndiye aliyesema niyaondoe."

"Mhakiki wa pili ni mpuuzi!" Uso ulikuwa umemvimba. "Ana chuki na mimi, kila mstari unanuka chuki. Nitamjua. Tunajuana wote, hatuzidi kujaa basi dogo. Nikimjua hatachapisha hata tangazo la mkutano."

Miezi mitatu nimeutafuta uso huo kwenye ngazi. Leo ulikuwa mbele yangu, umeumia kweli kweli, na haukujua umeumizwa na nani. Hilo ndilo ambalo sikuweza kulivumilia. Ningeweza kunyamaza. Kamati inakaa wiki ijayo naye ni mjumbe, na mdomo wangu ulikuwa salama kabisa ndani ya uso wangu.

"Ni mimi," nikasema.

Akageuka.

"Mhakiki wa pili ni mimi, Profesa. Nilidhani ni makala yako. Kila neno nililiandika kwa ajili yako wewe."

Nilisimama ili aniangalie vizuri. Nilikuwa na mengine ya kusema, nimeyatunza tangu Machi, juu ya wahakiki wanaowapa wanafunzi wao wawaandikie uhakiki. Niliyasema yote, na yalitoka yakiwa yamenyooka. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake unarudi taratibu mahali pake.

"Asante kwa kujitambulisha," akasema. "Umesema mbele ya shahidi."

Akatoka. Alipofika kwenye ngazi alianza kupiga mluzi. Ndipo nikamkumbuka shahidi.

Jirani alikuwa bado amesimama. "Siku ile nilipokupa karatasi," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua nilipoziona. Kabla ya hapo nilidhani ni—"

"Ukaniacha nikuombe msamaha."

"Mdogo wangu..."

"Nikakuletea chai. Kila siku nakuuliza kama umeshanisamehe, na unaniambia unatafakari." Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Alichukua mwavuli wake akaondoka, na mvua ilikuwa imeshakatika.

Jumanne, 21 Mei

Nimeandika uhakiki wa kweli, kurasa tatu, wa upole na wa makini, jinsi ninavyowaambia walimu wenzangu wawaandikie wanafunzi wa masafa. Pendekezo: ikubaliwe bila masharti. Mhariri amejibu baada ya muda mfupi. Profesa amekwisha kumweleza. Mhakiki aliyejitaja kwa mwandishi hahesabiwi, kwa hiyo neno langu halitatumika. Atategemea la mwenzangu. Jina langu limetolewa kwenye wahakiki wa jarida.

Nimewaandikia wote wawili, mhariri na mkuu wa kitivo, jinsi Bwana Marejeo anavyohakiki. Nimeacha mahali pa shahidi wazi. Jirani amesema hatasaini chochote kilicho na jina langu.

Ijumaa, 31 Mei

Kamati imekaa. Mkataba wangu hautaongezwa.

Jumatano, 5 Juni

Makala ya Jirani imekubaliwa. Nimesikia kwa mhudumu wa mashine ya kuchapishia. Sasa anaweza kuwasilisha tasnifu yake. Nimempongeza, akasema "asante, mwalimu." Mwalimu. Miaka mitatu nilikuwa dada.

Mume wangu ameanza kutoa bisibisi zake kwenye chumba cha uani ili niwe na mahali pa kuandikia. Sijamwomba.

Ijumaa, 14 Juni

Jua kali, uani kumekauka. Nimekuta kwenye meza yangu nakala ya mwisho ya makala ya Jirani, imepangwa tayari kwa kuchapishwa, na jina lake juu kabisa. Ameiweka yeye. Hakuna mwingine mwenye ufunguo. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, anaandika, hakuinua kichwa.

Nimeisoma yote pale pale. Mabadiliko niliyoyadai yote yamo, na Bwana Marejeo hayumo hata mara ile moja. Nilipofika chini, kwenye shukrani, nilisoma taratibu. Anamshukuru mama yake. Anawashukuru wanafunzi waliojirekodi. Halafu kuna ule mstari ambao sote huuandika, kila makala, bila kuufikiria:

"Namalizia kwa kuwashukuru wahakiki wawili, nisiowafahamu."

Niliurudia mara kadhaa. Kisha nikaiweka ile makala chini, na meza yake ikatikisika kidogo, na akaendelea kuandika.